Shamba Nambari 212B

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, Jael Musimbi alinawa mikono hadi viwikoni, akaikung'uta, akaketi kwenye kigoda na kuuweka mkono wa kulia wa Awinja juu ya mapaja yake. Alianzia begani. Kwa kidole gumba alilisukuma kovu juu na chini, kisha kulia na kushoto, kisha kwa kuzungusha, akikaza mpaka ngozi ikapauka chini ya kidole. Awinja aliuma ncha ya leso. Nje, nyuma ya nyumba, Mzee Osundwa alikuwa ameketi ameupa ukuta mgongo, macho kwenye saa yake ya mkononi, akitangaza dakika.

"Tatu!" alisema. Baadaye akasema, "Nne!"

Mzee Osundwa alikuwa baba mkwe wa Awinja. Mila haimruhusu baba mkwe kuona bega la mke wa mwanawe, hata kama mwana mwenyewe amelala kaburini miaka mitatu. Lakini saa ya mkononi katika boma lile ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake, na Protus wa hospitali alikuwa amesema dakika kumi, si tisa. Basi mzee alikaa nyuma ya nyumba na kuhesabu, mara tatu kwa siku, na mvua iliponyesha alihesabu chini ya mwavuli.

Kikundi cha akina mama wa pale kijijini kilikuwa na wanawake kumi na wanne, na kazi yake ilikuwa kulimiana mashamba kwa zamu. Awinja alipotoka hospitalini Kakamega mwezi wa Aprili, 1994, baada ya miezi mitatu wodini, kikundi kilikutana na kuuingiza mkono wake kwenye zamu. Hakuna aliyetoa hotuba. Swali lilikuwa moja tu: je, mkono uhesabiwe shamba zima au nusu shamba? Wakakubaliana kwamba ni shamba zima, kwa kuwa unataka kupaliliwa kila siku. Jumatatu ikawa ya Jael, Jumanne ya Sumayya mwenye duka, ambaye pia alileta chupa ya mafuta ya simsim na kukataa katakata kusikia habari ya kulipwa.

Protus, aliyekuwa akinyoosha viungo vya wagonjwa pale hospitalini, alikuwa amekuja hadi kijijini kwa baiskeli kuwafundisha. Alikata soksi ndefu ya mwanafunzi, akamvisha Awinja mkononi ili ilibane kovu usiku na mchana. Akamfundisha kupandisha vidole ukutani kama mjusi, na kuweka alama ya mkaa pale vinapofika.

"Kovu halilalangi," aliwaambia. "Mkilala nyinyi, lenyewe linavuta. Mkilikanda kila siku huu mwaka wote, mkono utapanda. Mkiacha, litakauka hivyo hivyo limeukunja, na hapo ni kisu. Na hicho kisu kiko Nairobi."

Awinja hakutaka makubwa. Alitaka kujitwika ndoo yake mwenyewe. Tangu arudi nyumbani, kwapa lake lilikuwa limeshikana na mbavu kama limeshonwa, na kila alipokwenda mtoni ilimbidi asimame kando ya ndoo iliyojaa akingoja apite mtu wa kumtwika. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye nguvu zake, anasimama mtoni kama bibi harusi. Jambo hilo lilimkera kuliko maumivu. Alichora mstari wa mkaa ukutani, juu ya utosi wake, akasema mkono ukifika pale hatamngoja mtu tena.

Aliungulia katika shamba lake mwenyewe. Shamba nambari 212 lilikuwa la marehemu mumewe, lakini miwa ilikuwa na mkataba na Kampuni ya Sukari ya Itumba, na Kampuni ina desturi ya kuchoma miwa kabla ya kukata, ili majani yaishe na nyoka wakimbie. Alhamisi moja ya Januari, Awinja alikuwa katikati ya mistari akimkatia ng'ombe majani. Moto uliwashwa pande zote nne kwa pamoja. Nyoka walikimbia. Awinja naye alitoka, lakini alitoka amechelewa.

Wiki mbili baadaye, akiwa bado wodini, Kampuni iliandika barua. Ilisema kwamba mama huyu aliungua nyumbani kwake kwa ajali ya jiko la mafuta ya taa. Awinja hajapata kumiliki jiko la mafuta ya taa tangu azaliwe. Hupikia kuni, na mafiga yake yapo, yanaonekana. Barua iliandikwa na Phanuel, karani wa mashamba, anayeimba sauti ya chini katika kwaya moja na Jael. Kiberiti cha Alhamisi ile kilikuwa mkononi mwa Phanuel huyo huyo.

Katika wiki ya tatu ya Mei, zamu ikiwa ya Jael, kovu lilianza kutoa maji. Mwanzoni Jael alidhani ni jasho, akalifuta. Yakaja tena, mazito zaidi, ya rangi ya kahawia, yakateremka hadi kwenye kiwiko na kudondoka sakafuni. Sisimizi walitokea chini ya mlango wakajipanga mstari. Jael alilamba kidole.

"Sukari guru," alisema. "Lete bakuli. Mzee, hiyo ni ya ngapi?"

"Saba!"

"Basi bado tatu." Akaendelea kukanda.

Siku hiyo lilijaa bakuli moja, na Awinja aliposimama ukutani vidole vilipanda upana wa kidole juu ya alama ya jana. Kesho yake Sumayya alikanda, likajaa bakuli jingine, na mkono ukapanda tena. Ikaeleweka kwamba kilichokuwa kikiukunja mkono ni miwa iliyoungua ikiwa ndani yake, na kwamba dawa ni kuikamua ikatoka. Walimpelekea Protus habari. Akajibu kwa karatasi kwamba ni vizuri, waendelee, na wasisahau kuosha soksi.

Sukari dukani ilikuwa haipatikani mwaka ule. Hili nalo lisemwe wazi: watu waliokuwa wakiamshwa na mngurumo wa matrekta ya miwa, wakilala na harufu ya kiwanda puani, walikuwa wakinywa chai kavu. Sukari yao ilipita mbele ya nyumba zao ikienda kwa wengine. Kwa hiyo anayekanda alikaribishwa kijiko cha sukari guru ndani ya chai, na Sumayya, ambaye hakosi utani hata msibani, alikuwa akichovya kidole na kusema, "Mkono mtupu haulambwi, dada. Huu wako mbona hauishi?" Awinja alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

Kufikia Juni vidole vilifika usawa wa shavu. Na Kampuni, ambayo haikuwa imepata kumwona Awinja, ikaona bakuli.

Alikuja Bwana Wanyama wa idara ya malighafi, amevaa viatu vilivyopigwa rangi, na Phanuel nyuma yake amebeba mkoba. Wanyama alikuwa mtu wa adabu. Alibisha hodi, akaulizia habari za watoto na ng'ombe, akakubali kiti. Kisha akatoa kidude cha kupimia utamu, akaomba tone moja kutoka begani, akachungulia.

"Kumi na tano," alimwambia Phanuel. "Andika. Ni miwa yetu. Ni ya shamba 212, iliyochomwa tarehe kumi na tatu Januari."

Phanuel aliandika. Sikio lake lilitetemeka kidogo.

"Baba," Awinja alisema, "hebu rudia hiyo tarehe."

"Kumi na tatu Januari, mama."

"Kumbe mnajuanga. Basi niandikie hivyo hivyo. Niandikie kwamba huu mkono uliungua kwa moto wenu wa hiyo siku, nikiwa ndani ya miwa yenu. Sitaki kitu kingine. Mfute ile ya jiko."

Wanyama alifunga mkoba wake taratibu. "Hiyo ya jiko ni ya idara ya wafanyakazi na ajali, mama. Mimi ni wa malighafi. Siwezi kuingilia kazi ya mwenzangu." Akamsomea kifungu cha mkataba ambao marehemu mumewe aliutia kidole: maji yote yatokayo katika miwa ya shamba nambari 212, kwa namna yoyote na mahali popote, ni mali ya Kampuni. Kwa hiyo kuukanda mkono ule bila karani kuwepo ni kukamua miwa ya Kampuni bila kibali, na kukamua miwa bila kibali ni kosa. Kuanzia sasa mkono utakandwa Alhamisi peke yake, Phanuel akiwepo na mtungi.

"Mara moja kwa wiki?" Jael aliuliza. "Hospitali ilisema mara tatu kwa siku."

"Hospitali haina mkataba na sisi," Wanyama alisema, akashukuru kwa chai.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Jael aliilaza mezani kando ya ile ya Januari. Moja ilisema Awinja aliungua jikoni kwake. Nyingine ilisema mkono wake umejaa miwa ya Kampuni iliyochomwa shambani. Zote mbili zilikuwa na muhuri mmoja na sahihi ya meneja mmoja. Jael alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, na akina mama wakasikiliza, na wakashikwa na hasira ambayo haina pa kwenda. Macho ya kuuona utamu Kampuni inayo. Ya kumwona mtu, yamekosekana kabisa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walikuwa wamemnyonga, na haki yake wakaichukua.

Ili amri ifuatwe, Kampuni iliweka askari mwenye rungu mlangoni pa Awinja. Kuanzia asubuhi hadi jioni alikaa kwenye jiwe na kuhakikisha kwamba ndani hamkandwi mtu. Alhamisi Phanuel alikuja na mtungi wa plastiki, Jael akakanda dakika kumi, Phanuel akafunika mtungi na kuondoka. Siku sita zilizobaki kovu lilivuta. Vidole vilishuka kutoka shavuni hadi kwenye kidevu, na wiki iliyofuata hadi kwenye bega. Awinja alisimama ukutani akitazama alama zake za mkaa zikimwacha nyuma, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli. Alijua kisu cha Nairobi hakitamfikia kamwe. Mkono ukikauka, umekauka.

Aliyepata njia ni Sumayya, na aliipata barabarani. Alikutana na Awinja akitoka mtoni, ndoo imetwikwa na mpita njia, akamshika mkono kumwamkia. Salamu za kwetu si za kugusana vidole na kukimbia. Unauliza usiku ulikuwaje, unauliza watoto, unauliza mahindi, ng'ombe, mama aliyeko ndoa ya pili, na mkono wa mwenzako muda wote huo uko mkononi mwako. Sumayya aliuliza yote hayo. Alipofika kwenye mahindi, kidole chake gumba kilikuwa kimeshapanda hadi begani kikilizungusha kovu.

"Asalaam aleikum, dada," alisema alipomaliza, kana kwamba ndio kwanza anaanza, akarudia yote toka mwanzo.

Hakuna sheria ya Kampuni inayokataza salamu. Siku hiyo hiyo habari zilizunguka, na kuanzia kesho yake Awinja hakuweza kwenda hatua hamsini bila kuamkiwa. Waliamkiana naye mtoni, kanisani, sokoni, kwenye foleni ya kinu cha mahindi. "Mulembe, mama!" "Mulembe muno!" Na mkono unashikwa, na habari zinaulizwa hadi za wajomba waliokwisha kufa. Wanawake kumi na wanne wakawa arobaini. Wakatoka vijiji vya ng'ambo ya mto watu ambao hawakuwa wakimjua kwa jina, wakamwamkia mpaka mikono ikawauma. Sukari guru ilidondoka njiani, na sisimizi wakawa wanaufuata mkono huo kila uendako kwa mstari mrefu wenye nidhamu. Mzee Osundwa, kwa kuwa hawezi kumshika mkwewe, alitembea upande wa pili wa barabara ameangalia mashamba, na kila salamu ilipoanza alitangaza dakika.

Askari pale mlangoni alivumilia majuma mawili. Kisha asubuhi moja aliegemeza rungu ukutani, akanawa, akamwamkia mama mwenye nyumba. Alimwamkia dakika nne. Tangu hapo akawa anamwamkia kila siku akifika na kila siku akiondoka, na ripoti zake kwa Kampuni zilisema kwamba ndani ya nyumba hakuna kinachoendelea, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mwezi wa Oktoba, Jumamosi, Awinja aliinama mtoni akashika ndoo kwa mikono yote miwili. Aliinyanyua hadi magotini, hadi kifuani, akavuta pumzi, akaipandisha. Ndoo ilikaa kichwani. Maji kidogo yalimmwagikia shingoni. Jael, aliyekuwa akifua jirani, alimwambia aangalie utelezi, akaendelea kufua. Awinja alipanda mlima machozi yakimtoka, na hayakuwa ya furaha peke yake. Alikuwa akiwaza kwamba jambo dogo namna hii, mtu kujitwika maji yake, limehitaji watu arobaini kwa miezi sita, na wale walioliharibu kwa njiti moja hawajasema hata pole.

Kampuni, kwa upande wake, ilikuwa ikisoma mtungi. Mtungi wa Alhamisi ulikuwa ukija na kiasi kidogo kila wiki. Idara ya malighafi ikaamua kwamba shamba limekomaa kupita kiasi na linapaswa kuvunwa kabla halijaharibika. Mkono wa Awinja ukapewa nambari ya daftari, 212B, ukapangiwa trekta, na kwa kuwa Kampuni haivuni miwa isiyochomwa, ukapangiwa na tarehe ya kuchomwa.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba, saa tatu asubuhi, Phanuel aliegemeza baiskeli kwenye ua. Alikuwa na kiberiti mfukoni na fomu mkononi. Akina mama wote kumi na wanne walikuwa uani, na kila mmoja alikuwa na jembe, kwa kuwa siku hiyo zamu ilikuwa ya shamba la Awinja, la mahindi. Walisimama tu.

"Mimi natumwanga tu," Phanuel alisema.

Jael aliinyakua ile fomu na kuisoma. Sehemu ya kwanza ilisema hivi: kabla ya kuwasha moto, karani atapita mistari yote ya shamba akiuliza kwa sauti kama kuna mtu ndani, na akiwemo mtu, uchomaji utaahirishwa kwa siku saba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mwaka wa kupigwa chapa: 1973.

"Hii sheria iko tangu sabini na tatu?" Jael aliuliza.

"Imekuwanga tu," Phanuel alisema. "Lakini fomu zenyewe huwa hazifiki shambani. Hii imekuja kwa sababu shamba ni jipya."

Akaanza kazi. Awinja alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono umenyooshwa juu ya meza. Phanuel alipita kando ya kovu kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi begani, akageuka, akarudi, na kwa ile sauti yake nzito ya kwaya akauliza, "Kuna mtu ndani ya shamba hili?"

"Nimo," Awinja alisema.

Phanuel aliandika. Uchomaji ukaahirishwa kwa siku saba.

Alhamisi iliyofuata alirudi, akapita mistari, akauliza, akajibiwa, akaahirisha. Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Trekta lilikuja na kurudi tupu. Barua ya jiko ilibaki ilivyo na ile ya miwa ilibaki ilivyo, na Alhamisi ikazoeleka kama siku nyingine yoyote ya juma, Phanuel akipewa kiti na chai yake iliyotiwa sukari guru.

Wiki ya tano, Awinja alipokwisha kujibu kwamba yumo, hakuuondoa mkono mezani.

"Andika na nyingine," alisema. "Andika kwamba hata ile Alhamisi ya Januari nilikuwemo. Ungeuliza, ningekujibu hivi hivi."

Phanuel aliitazama fomu. Akaigeuza; upande wa nyuma haukuwa na maandishi wala mistari. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, na kwa muda huo ilionekana kwamba ataandika.

"Hakuna nafasi yake, mama," alisema hatimaye. Akaandika neno moja, Yumo, akamaliza chai, akashukuru. Alisema anakwenda hapo jirani, shamba nambari 213, ambalo linachomwa asubuhi hiyo hiyo.

Akina mama, waliokuwa uani kama kila Alhamisi, walichukua majembe yao. Wakasimama kidogo, wamegeuza masikio upande wa mpaka, wakingoja kusikia ile sauti nzito ikipita mistarini na kuuliza. Hawakusikia kitu. Kisha wakasikia miwa ikianza kupasuka, upande huu na upande ule kwa pamoja, na moshi wa kwanza ukapita juu ya ua.

Awinja alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea mpakani, mkono wa kulia ameuinua juu ya kichwa, akiita kwa nguvu zake zote kama kuna mtu humo ndani.